Jinsi ya Kuzuia Mafuriko Dar es Salaam kwa Beleshi Moja

Utahitaji beleshi, buti za mvua (kandambili zinafaa pia, ila agana na moja mapema) na moyo wa kizalendo. Huo moyo ndio hasa, maana hauombewi bajeti.

Anza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, alfajiri. Usafi huu ulipamba moto tangu Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na nchi nzima ikashika fagio. Maduka huenda yakawa yamefungwa, kwa hiyo kunywa chai kabisa nyumbani.

Ukifika mtaroni, jiulize: nimekosa wapi? Usijiulize mtaro huu ulichimbwa mtaa ukiwa na nyumba ngapi. Wala usiufuate uone unakoishia, kwani unaweza kukuta umeishia kwenye ukuta wa mtu. Mawazo ya namna hiyo hulegeza mkono. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 jijini; kila mmoja akizibua mbele ya mlango wake, maji yataona haya na kupita kwa adabu.

Sasa zoa. Utakuta nepi, kiatu cha mguu mmoja, na kile ambacho jirani alikitapisha chooni usiku wa mvua. Huyo mseme, tena kwa sauti, hana utetezi. Uchochoro wake haupitishi gari la majitaka, lakini hayo ayamalize na aliyepima viwanja, kama alikuwapo.

Halafu kuna chupa za plastiki. Hapa naomba niliweke beleshi chini kidogo. Sisi wa zamani kidogo tunaijua soda ya chupa ya kioo: huna chupa, unaacha hela, au unainywa palepale umesimama, mwenye duka akikukodolea macho kama mdaiwa. Sikumbuki kuiona chupa ile ikielea mtaroni. Si kwamba tulikuwa wastaarabu. Tulikuwa tunafuata hela yetu. Iliyosahaulika, watoto waliiwahi. Ikaja chupa isiyodaiwa na mtu, na nyuma yake yakaja mabango ya kutufundisha utamaduni wa usafi. Mifuko ya plastiki nayo tulihubiriwa miaka na miaka, tukawa tunaitikia amina huku tumeibeba. Juni 1, 2019 ikapigwa marufuku, na hata mbishi wa mtaa wetu, ambaye hajawahi kusikia la mtu, akaonekana sokoni na kikapu cha mama yake. Lakini huu ni mwongozo wa beleshi, si wa sheria. Tuendelee.

Ukikata tamaa, panda basi ukapite Jangwani ujifunze. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukipokea njiani kila kinachotupwa na kila kinachotiririshwa, ukapita hapo kuelekea baharini, kwenye daraja la Selander. Desemba 2011 ulifurika ukaua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Tukaambiwa bondeni hapakaliki, na waliobaki ni wakaidi. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa bondeni hapohapo, nayo ikafurika, ikafurika tena. Sikusikia basi likiitwa kaidi.

Rudi mtaani umalize kazi. Tope ulilozoa lirundike kando ya mtaro, lundo la kupendeza, ulipige picha. Usimpe kijana wa mkokoteni: ataomba elfu mbili, na atakwenda kulimwaga mtoni, ambako litakusubiri. Gari la taka litakuja. Ukimuuliza mwenyekiti wa mtaa, atakwambia liko njiani, na hakudanganyi. Ndivyo alivyoambiwa na yeye. Jumatatu ukimuuliza tena, litakuwa bado njiani.

Jumatano mawingu yakitanda, toka nje uliangalie lundo lako kwa mara ya mwisho. Mvua itaanza na kingo zake, kisha itabomoa katikati, na kabla hujamaliza kuanua nguo, lote litakuwa limerudi mtaroni. Ile chupa ya juu, yenye kifuniko cha buluu, itatangulia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao wahi. Kifuniko cha buluu utakitambua.