Utukufu wa Kioo Cheusi

Waziri anapanda gari lenye vioo vyeusi. Na mimi ninayetoka Buguruni kuja Mnazi Mmoja nimeshika sarafu mkononi, napanda la vioo vyeusi. Usawa wa namna hii hata Azimio la Arusha la 1967 halikuufikia. Wanaotaka daladala zibanduliwe zile karatasi nyeusi wanaimba usalama, usalama, kumbe wanamvua mlalahoi heshima yake.

Tuanze na konda, maana kioo hiki kwanza ni chake. Asubuhi mwanafunzi na nauli yake ya shilingi 200 anachungulia, haoni kitu. "Imejaa, dogo!" Dogo anarudi nyuma. Kioo kingekuwa cheupe angeviona viti viwili vitupu, na konda angedanganya mchana kweupe. Jioni muujiza unageuka. Tumesimama ubavu kwa ubavu, shingo zimepinda, mama mmoja amekumbatia kuku wake wa Kariakoo, na trafiki aliye nje anaona gari lililotulia kama la mwambata wa ubalozi. Mwaka 2020, wakati wa korona, daladala zilipoamriwa kubeba level siti, bila abiria wa kusimama, ni kifaa gani kingine kingeweza kutukalisha sote bila kuongeza hata kiti kimoja?

Watetezi wa kioo hiki wanasema pia kinazuia jua. Kweli, mpaka saa nane mchana, joto linapotulazimisha kusukuma dirisha. Hapo vioo viwili vinalaliana, weusi unakuwa maradufu upande mmoja, na jua linaingia upande wa pili bila kulipa nauli.

Kwa abiria faida ni tele. Huoni bustani ya Mnazi Mmoja wala mnara wake, unapitilizwa hadi Posta, unarudi kwa miguu: mazoezi ya bure. Pochi ikiondoka humwoni wa kumshuku, unabaki na moyo safi kwa wote. Na yule anayemsogelea binti kupita kiasi naye amesitiriwa. Hapo, nakiri, sifa zinanikwama kooni.

Majirani zetu Kenya wameviharamisha vioo hivi kwenye matatu. Shauri yao.

Wewe afande, ukilisimamisha letu pale Lumumba, usijisumbue kubandika uso kwenye kioo. Fungua mlango tu, ila kaa tayari kutudaka.