Chemba Ikipanda Siku ya Posa

Tanki la majitaka huwa limejaa kila siku, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kinachotangaza kwamba mambo yameharibika ni chemba, nayo aghalabu husubiri wageni. Katika nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, ilisubiri hadi Jumamosi iliyopita, washenga wakiwa wamekwishanawa mikono na sahani za pilau zimeanza kupita. Choo kilikoroma. Bafu likaanza kurudisha maji pamoja na vitu ambavyo kila aliyemo nyumbani alikana kuvifahamu. Mshenga mkuu, mtu mwenye adabu zake, alisifu pilau huku akipumulia mdomo.

Fundi alipofika aliuliza mfuniko wa tanki uko wapi. Hapakuwa na aliyejua. Baraza lilikwishaongezwa na kuwekwa vigae, na tanki likabaki chini yake. Basi fundi akatambaa, akigonga kigae kimoja kimoja kwa ncha ya nondo na kutega sikio, hadi mlio ulipobadilika na kuwa wa kitu kitupu: chini ya kiti cha mshenga. Mzee aliombwa asogee kidogo. Alisogea mpaka kwenye gari lake.

Chini ya kiti kile kulikuwa na kazi inayostahili heshima kuliko inayopewa. Ndani ya tanki kinyesi huzama kikawa tope. Mafuta na povu huelea yakafanya utando. Katikati hubaki maji mepesi, nayo hutoka kwenda shimo la kunyonya kupitia bomba la umbo la T, ambalo mguu wake huingia chini ya utando ili mafuta yasipite. Bakteria wasiohitaji oksijeni hula sehemu ya tope humo gizani, bila mshahara. Mfaransa Jean-Louis Mouras wa Vesoul, aliyejenga tanki la namna hii karibu na mwaka 1860, alilifungua baada ya miaka mingi akashangaa kukuta uchafu mgumu haupo. Mwaka 1881 akapata hataza. Lakini bakteria hawamalizi chote. Tope hupanda taratibu, hatimaye huvuka kwenda shimoni na kuziba vitundu vya udongo, na shimo likishaziba, kunyonya tanki ni kuahirisha aibu tu.

Ndiyo maana tope hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, choo kikiwa bado kinapitisha maji vizuri, jambo ambalo kwa wenye nyumba wengi ni sawa na kwenda hospitali bila kuumwa. Nepi na pedi bakteria hawazili. Klorini nyingi huwaua. Mafuta ya kukaangia huganda bombani. Maji ya paa huelekezwa kwingine. Gari haliegeshwi juu ya mfuniko; jirani anao ushahidi, pamoja na gurudumu. Na hakuna kuingia tankini kufuata simu: gesi ya humo huua aliyeingia na anayemfuata kumwokoa.

Yapo yasiyotibika kwa bidii ya mwenye nyumba. Bomba la majitaka la umma halifiki sehemu kubwa ya jiji, na gari la kunyonya, linalolipwa kwa safari, halipiti vichochoroni. Wapo basi wanaongoja masika wakatapisha vyoo mitaroni usiku, na wa bondeni wakapokea mzigo wa wa mlimani bila kuulizwa. Kipindupindu kikizuka, ni wa bondeni wanaopelekewa vipeperushi vya kunawa mikono.