Mwongozo wa Visanduku Vinne kwa Asiyejua Hatari Yake

Kijana akikupa simu hapa Kindu, naye anacheka hata hawezi kusema, usiipokee kabla hujasoma maelezo haya. Humo ndani mna yonkoma, katuni ya Kijapani ya visanduku vinne, na watu wazima wenye akili zao wameumbuka mbele yake.

Balaa linaanza machoni. Visanduku vinashuka, cha kwanza juu, cha nne chini. Safu zikiwa mbili, unaanza na ya kulia. Aliyezoea bede, yaani katuni za Kifaransa, huanzia kushoto, akakuta watu wameshaanguka kabla hawajateleza. Kisha atatangaza kuwa Wajapani hawajui mzaha. Usimbishie.

Cha kwanza kinaweka mambo. Cha pili kinayasogeza. Hapo hakuna cha kuchekesha, na anayecheka anajipendekeza kwa mwenye simu. Cha tatu ndicho kibaya, maana kinageuza jambo ghafla. Cha nne kinafunga. Mpango huo ulitoka kwenye mashairi ya Kichina ya mistari minne, kwa hiyo usidhani mchoraji alikuwa mvivu. Machiko Hasegawa alianza kumchora Sazae-san, mwanamke asiyetulia, mwaka 1946, akaacha 1974 akiwa amepitisha katuni 6,000. Fikiria: kila mara alifika cha nne, akanyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakotushinda sisi. Anzisha kisa kituoni, kwa wanaongoja treni ya Lubumbashi: kila mmoja ataongeza chake, na treni ikija, kama itakuja, mhusika ameshaoa mara mbili na ana kesi Kisangani. Hata wachoraji wetu wanataka nafasi. Barly Baruti, mwana wa Kisangani, ni mtu wa albamu nzima. Aliye karibu na Wajapani ni Edward Gitau wa Kenya, ambaye kwa miongo alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo: leo kaumbuka, kesho yuko palepale, na hakuna aliyedai maelezo.

Mzaha wenyewe si mgeni, usitishwe na majina. Mwaka 1902 Rakuten Kitazawa aliwachora Tagosaku na Mokube, washamba wawili wanaoshangaa mji wa Tokyo. Anayewakumbuka Mata Mata na Pili Pili wa mchoraji Mongo Sisse atajua hawa ni watu wa ukoo gani.

Onyo kubwa: usimsomee baba mkwe kwa sauti, tuseme kisa cha paka anayewinda samaki. Atasikiliza vyote vinne kwa heshima, kisha atangoja cha tano.

“Halafu?”

Hakuna halafu, papa.

“Na yule paka, samaki alimpata?”

Ukieleza, mzaha umekufa. Ukibuni cha tano, mtalala hapo, na bugali utapoa. Mrudishie kijana simu yake, mlipie hela ya kuchaji, uage.