Safu ya Ushauri: Bampa Jipya Limeachana na Madigadi

Urembo wa nje wa gari ni vile vitu ambavyo gari likivuliwa vyote bado litawaka na kuondoka: sho ya mbele, ngozi ya bampa, mikanda ya milangoni, vitasa, makava ya vioo vya pembeni, raba za madirisha, nembo. Sokoni viko vya aina tatu, ingawa wengi wanaoleta vilio vyao kwenye safu hii wanazijua mbili tu. Kuna orijino mpya, inayokuja ndani ya boksi la mtengenezaji wa gari ikiwa na namba yake. Kuna orijino ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani na kusafirishwa kwenye kontena pamoja na injini na milango. Na kuna mbadala, iliyotoka kwenye kiwanda kingine, mara nyingi cha Taiwani au China, ambayo dukani huitwa "kopi", "Taiwani" au, muuzaji akiamka mkweli siku hiyo, "feki".

Jina hilo la mwisho huwaonea baadhi. Taa iliyoandikwa Depo au TYC, kampuni mbili za Taiwani, imejitambulisha kwa jina lake na haijamdanganya mtu. Feki ni ile inayovaa boksi na chapa ya Toyota bila kuwa na undugu wowote na Toyota. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa za namna hiyo, na Tanzania kazi ya kuzisaka iko kwa Tume ya Ushindani, FCC. Mbadala ni mtoto wa jirani. Bandia ameghushi cheti cha kuzaliwa.

Kilio cha kwanza kimetoka Tabata, kwa mwenye Toyota IST aliyegongwa na bajaji. Alinunua bampa la mbele jipya, la mbadala, likapigwa rangi nyeupe likang'aa kuliko gari lenyewe. Wiki ya tatu likaanza kuachana na madigadi ya kushoto. Anauliza kama wawili hao wanaweza kupatanishwa, na mkosaji ni nani kati ya bampa na fundi.

Mgogoro wa namna hii kwa kawaida huanza kabla ya wote wawili, kwenye umri wa gari. IST ya kizazi cha kwanza ilitoka 2002, ikabadilishwa sura ya mbele 2005, na kizazi cha pili kikaingia 2007. Kwa hiyo "bampa la IST" ni jina la ukoo. Muuzaji anayeuliza "ya zamani au mpya?" amepunguza tatizo nusu tu. Kinachomaliza ubishi ni namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17; yana kitu kama NCP60, kistari, kisha namba ya gari lenyewe, na katalogi ya Toyota hufunguliwa kwa hiyo. Humo ndimo inamopatikana namba ya kipuri, tarakimu tano zikifuatwa na tano. Tano za mwanzo hutaja kitu: 52119 ni ngozi ya bampa la mbele, 52159 ya nyuma, 53111 ni sho. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari lipi. Mnunuzi anayekwenda dukani na namba hizo kwenye karatasi hupewa bei nyingine kabisa na yule anayekwenda na picha ya gari kwenye simu.

Umri ukishapatana, linabaki umbo. Ngozi ya bampa karibu kila mara ni plastiki ya polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo na unga wa talki. Upande wa ndani kuna herufi PP katikati ya vishale viwili. Plastiki hii husinyaa inapopoa ndani ya kalibu, na ustadi wa kiwanda ni kujua itasinyaa kiasi gani na wapi. Kiwanda cha mbadala hakina michoro ya Toyota. Hupima bampa lililokwisha kutengenezwa, kisha huchonga kalibu yake kwa kuigiza. Wengine huigiza vizuri sana. Kwa wengine hubaki milimita tatu, ambazo katikati ya bampa hakuna anayeziona. Zikisukumwa hadi kwenye ncha, pale bampa linapokutana na madigadi, huingia kucha ya kidole gumba, na baada ya matuta kadhaa huingia kidole.

Picha iliyokuja na barua inaonyesha zaidi ya hayo. Nyuma ya ncha ya bampa huwa kuna kibano cha plastiki kilichofungwa kwenye madigadi, chenye meno. Bampa likisukumwa mahali pake meno hayo hulia ta, ta, ta, na kazi imekwisha. Kwenye IST ya Tabata kibano cha kushoto hakipo. Bajaji ilikivunja, na fundi ama hakukiona ama alikiona akanyamaza. Badala yake kuna skrubu moja ya bati iliyopitishwa kutoka ndani ya tairi, kichwa chake kimepakwa rangi nyeupe kwa heshima zote. Skrubu hiyo ilishikilia ndoa kwa wiki mbili na siku kadhaa.

Upatanisho unawezekana: bampa lifunguliwe, vibano vipya viwekwe pande zote mbili, na hivyo viwe vya orijino, kwa sababu ndivyo vinavyobeba kazi ambayo mbadala imeikosea. Lakini mashauri haya yangefaa zaidi kabla ya rangi. Bampa la mbadala hujaribiwa likiwa bado jeusi, taa zikiwa mahali pake na boneti ikiwa imefungwa. Lisipokaa hurudishwa, likishapigwa rangi muuzaji hamkumbuki tena mnunuzi. Fundi anayesema "litakaa tu tukishafunga" anatoa ushuhuda wa imani. Na rangi nayo ina masharti yake, kwani polipropilini haishikani na rangi bila praima ya plastiki. Palipookolewa praima, rangi hubanduka vipande vikubwa siku ya kwanza gari linapooshwa kwa maji ya presha.

Hapa ndipo mtumba wa Japani unapowashinda wenzake wawili. Umetoka kwenye kalibu ya Toyota, umeshakaa kwenye gari jingine ukakubali, na kwa bahati huja na rangi ileile. Kibati cha gari hutaja namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Mwenye 040 akipata bampa la 040 huokoa gharama ya fundi rangi, ingawa nyeupe iliyozeeka kwenye jua la Japani na nyeupe iliyozeeka kwenye jua la Dar es Salaam si pacha. Bampa la mtumba hununuliwa likiwa limegeuzwa. Mikwaruzo ya usoni ni kazi ya msasa na puti. Kinachokaguliwa ni masikio ya kufungia. Sikio lililoyeyushwa kwa moto na kuungwa lina habari kwamba bampa hilo limeshawahi kuolewa hapahapa mjini. Pamoja na ngozi, muuzaji adaiwe lile sponji gumu linalokaa kati ya ngozi na chuma cha ndani. Mafundi wengi hulitupa kwa kuwa halionekani, na ndilo linalopokea kishindo cha bajaji inayofuata.

Kilio cha pili kimetoka Nyali, Mombasa. Mwenye Prado aliivalisha makava ya kromu kila mahali panapokubali gundi: vitasa, vioo, taa za nyuma, mfuniko wa tangi la mafuta. Masika mawili yamepita, kromu imeota vidonda, na mke wake amekataa kupakiwa.

Kromu ya orijino juu ya plastiki huwa na matabaka: shaba chini, nikeli katikati, kromu juu. Mng'aro unaosifiwa ni wa nikeli zaidi; kromu yenyewe ni nyembamba kuliko mikroni moja, na kazi yake ni kuikinga nikeli isififie na kuipa ule ubuluu wa mbali. Gharama imo kwenye shaba na nikeli, na hapo ndipo kiwanda cha bei rahisi hupunguzia. Makava mengine hayana hata hayo. Plastiki hupigwa mvuke wa alumini ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, ikafunikwa kwa vanishi. Siku ya kununua hakuna jicho linalotofautisha. Upepo wa chumvi wa Bahari ya Hindi hutofautisha.

Ubaya wa kava la kitasa hauishii kwenye sura. Ndani yake hubaki mchanga na maji, na kila mlango ukifunguliwa mchanga husugua rangi ya chini, hivi kwamba siku kava linapong'oka huacha kumbukumbu yake. Kwa mkazi wa Nyali, kromu inayostahili pesa ni ya sho peke yake, orijino, mpya au mtumba, ioshwe kwa maji baridi kila wiki. Anayeshindwa kabisa kuishi bila makava basi ajue tabia ya gundi: ile tepu ya pande mbili hutaka mahali pasafi, pakavu na pasipo nta, na hufikia nguvu yake yote baada ya saa 72 hivi. Desturi ya kubandika saa nne asubuhi na kupeleka gari kuoshwa saa nane mchana ndiyo inayojaza makava barabarani.

Nairobi kuna msomaji aliyeibiwa kioo cha pembeni cha kushoto mara tatu. Anauliza kama cha nne kiwe orijino. Jibu ni hapana, na sababu ni mwizi. Kava na kioo vya orijino vina soko la haraka. Kioo cha mbadala chenye namba ya gari iliyochongwa juu yake na ribeti mbili ubavuni hakina mteja. Hata hivyo mbadala ya kioo ina mitego. Nyaya zinahesabiwa kwanza, kwa kuwa gari moja la aina ileile laweza kuwa na plagi ya nyaya tano na lingine tisa, kulingana na kama kioo hujikunja au kina taa. Pili, vipuri vingi huja kupitia Dubai, ambako usukani uko kushoto, na kioo kilichoelekezwa kwa dereva wa kushoto humwonyesha dereva wa kulia mlango wake mwenyewe na anga. Mtego huohuo unalihusu lile kava la plastiki lililo chini ya wipa: la usukani wa kushoto halikai kwenye gari la usukani wa kulia hata likipigwa magoti. Na msomaji atakayekuta dukani kioo chenye namba za gari lake zilizofutwa nusu, kesi yake ni ya polisi.

Raba za madirisha hazihitaji maneno mengi. Orijino mpya, na fungu likikosekana zisubiriwe. Nyingi ni za mpira wa aina ambayo hustahimili jua na mvua miaka mingi lakini huvimba na kulegea ikiguswa na mafuta ya petroli. Waosha magari wanaozipaka dizeli "zirudi weusi" wanaziua, na mteja huwalipa bakshishi. Klipu nazo ni hivyohivyo: ile ya bampa yenye namba 52161-16010 ni kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda, na kumi kati yake za orijino ni rahisi kuliko kupiga rangi upya bampa lililoning'inia kwa sababu ya klipu zilizoiga.

Barua iliyochekesha meza nzima ni ya mwenye Harrier aliyebandika nembo ya Lexus. Nembo ni orijino, gari ni orijino, na bado shemeji yake anaiita feki. Shemeji ana haki kwa sehemu. Harrier ilitoka Japani 1997, na kuanzia 1998 ikauzwa nje kwa jina la Lexus RX. Kizazi cha pili cha 2003 kilikuwa vivyo hivyo. Chapa ya Lexus yenyewe haikufunguliwa madukani Japani hadi 2005. Kwa vizazi hivyo viwili nembo ile ni jina la ubatizo la gari lilelile, na shemeji anyamaze. Harrier ya kizazi cha tatu, ya 2013, ilishaachana na RX ikajitegemea. Ikiwa ndiyo anayoendesha msomaji, nembo ing'olewe kwa uzi wa kuvulia samaki na maji ya moto, kabla ya Jumapili ya ukweni.

Wa mwisho anataka kuuza gari lake na anaogopa mnunuzi atagundua bampa la mbadala. Bampa la orijino huwa na namba ya kipuri iliyotokana na kalibu yenyewe, upande wa ndani, karibu na ile PP ya vishale. Mbadala ama halina namba ama lina namba ya kiwanda kingine. Mnunuzi mjuzi huipapasa kwa vidole kutoka chini, akiwa amechuchumaa. Madalali wengi huvaa suruali nyeupe na hawachuchumai, ila muuzaji akiulizwa aseme, kwa sababu nafasi kati ya bampa na madigadi itakuwa imeshasema.