Sifa za Chepe la Bei Chee

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala, lenyewe ndilo hupewa mlango. Hutundikwa mbele ya makarai na mabomba, bapa limepakwa rangi ya bluu inayometameta, mpini umepigwa vanishi hadi unateleza. Yale mazito, yenye rangi ya masizi, yamesukumiwa ndani nyuma ya mifuko ya saruji na huulizwa kwa nadra. Nchi hii ina watunzi wa kumsifu kila mwenye cheo, kila bwana harusi na kila mfungaji wa magoli, lakini chepe la bei chee halijapata hata ubeti. Najua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa chepe hili hofu hiyo haipo: maji lilitiwa kiwandani.

Kwanza, lina unyenyekevu. Chepe linalojiona huwa na chuma cha unene wa karibu milimita 2, kilichopashwa moto na kupozwa kwa mpango hadi kikawa kigumu bila kuwa rahisi kukatika. Likikutana na jiwe linashindana nalo. Letu ni bati lililokatwa na kugandamizwa, basi. Kwenye kichanga cha Kigamboni linaingia vizuri tu, na mwenye nalo anajipongeza. Ulipeleke kwenye udongo mweusi wa mbuga, kiangazi, wakati ardhi imepasuka nyufa za kuingia kiganja. Hapo linakunja ncha kwa adabu na kumwachia sururu kazi yake. Ukiligeuza na kuinyoosha ncha kwa nyundo, linakubali. Kesho yake linakunjika palepale, kwa kuwa sasa limeshapajua.

Pili, halina ubaguzi. Waliobobea wanasisitiza kwamba chepe lenye ncha ni la kuchimbia, na lenye mdomo uliokatwa sawa ni la kuzolea mchanga na kugeuzia zege. Huo ni ukabila wa vifaa. Chepe la bei chee lina mdomo usioeleweka, si wa ncha wala si wa bapa, kwa hiyo kazi zote mbili linazishindwa kwa kiwango kilekile.

Ila utukufu wake uko shingoni. Machepe ya kizamani yalifuliwa bapa na shingo kwa kipande kimoja, mpini ukateremka ndani kabisa na kubanwa kwa ribiti mbili. Mpangilio huo una kasoro moja kubwa: huachani nao. Shingo ya chepe letu ni ulimi wa bati uliokunjwa na kuachwa wazi kwa nyuma, wenye ribiti moja, au msumari, au doti mbili za kuchomelea zilizofichwa chini ya rangi. Ule uwazi wa nyuma hujaa udongo mbichi, ukabebwa juu na chini kutwa nzima bila malipo ya ziada. Mpini nao umechongwa kwa mti ambao haujakauka. Ukikaa juani wiki mbili unasinyaa, na bapa linaanza kucheza kama kofia ya kuazima. Ndipo unapoona jambo la huruma jioni kwenye viwanja vya ujenzi: saidia fundi, amechoka, hajanawa uso, analilaza chepe kwenye karai la maji lilale humo usiku kucha ili mti uvimbe na kushika. Asubuhi limeshika. Saa nne linacheza tena.

Na hapo linapocheza ndipo wema wake unapodhihiri. Sijui chama cha wafanyakazi kilichowahi kuwapatia vibarua mapumziko mengi kiasi hicho. Linatoka shingoni, kijana anatumwa kutafuta msumari, msumari haupo, wengine wanakaa kivulini, Simba na Yanga wanachambuliwa mpaka kwenye mifupa. Likivunjika kabisa linakwenda Gerezani kwa wachomeleaji, nao wanakula. Likishindikana kwa wachomeleaji, mpini unamalizikia jikoni kwa mama lishe, bapa linazoa majivu au linaziba tundu la banda la kuku, kisha mnunuzi wa vyuma chakavu analipima kwenye mizani. Chepe zuri hufanya kazi ileile miaka na miaka, bila kumfikiria mtu mwingine.

Anayebisha kwamba chepe zuri ni adui wa ajira amsome Frederick Winslow Taylor, yule Mmarekani aliyewapimia watu kazi kwa saa ya sekunde. Mwishoni mwa karne ya 19 alifika Bethlehem Steel, huko Pennsylvania, akakuta kila mpakuaji anakuja na chepe lake na analitumia hilohilo kwa kila kitu. Akipakua makaa yaliyosagika, chepe lilibeba ratili 3 na nusu. Akihamia kwenye mawe ya chuma, ratili 38. Taylor akajaribu mizigo ya kila uzito, akaona mtu hupakua zaidi kwa siku chepe likibeba ratili 21, yaani kilo 9 na nusu hivi. Kampuni ikajenga stoo na kuweka aina 8 mpaka 10 za machepe: madogo kwa mawe, makubwa kwa makaa. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika The Principles of Scientific Management ya mwaka 1911, kazi iliyokuwa ikitaka watu 400 hadi 600 ikafanywa na 140. Mshahara wa waliobaki ulipanda, ni kweli, kutoka dola 1.15 kwa siku hadi 1.88. Lakini hesabuni waliorudi nyumbani! Na ile ratili 21 iliyomhangaisha bwana huyu, chepe letu linaipata bila saa wala daftari: ukizidisha mzigo shingo inainama, udongo unamwagika, kinachobaki ndicho kipimo.

Pengine mtu atashangaa kifaa chenye fadhila hizi kinaendeleaje kununuliwa. Jibu ni jepesi kuliko bati lake: anayelilipia si anayelishika. Mwenye kiwanja hufika Jumamosi, anashuka garini, anachungulia mtaro wa msingi na kuuliza kwa nini haujafika kimo cha magoti. Risiti ya dukani anaijua. Ukingo wa juu wa lile bapa haujui, ule wa kukanyagia, ambao kwenye machepe ya maana hukunjwa upate upana na kwetu umeachwa na makali yake. Siku moja tu unatosha kuipasua kandambili katikati ya wayo. Ndiyo maana wachimbaji wengi huvaa makobazi ya tairi.

Maadui wa chepe letu ni hao hao, hasa wale wanaolipwa kwa mita. Hao huja na chepe lao begani, limelika ncha hadi limebaki robo tatu, makali yamepitishwa tupa, mpini umekuwa mweusi kwa jasho, na haliazimwi hata na shemeji. Wakiingia dukani hufanya mambo ya aibu. Wanaligonga bapa kwa kokoto na kutega sikio, kwa madai kwamba chuma kilichopikwa hulia kwa mlio mrefu na bati hujibu mara moja likanyamaza. Wanauinua mpini usawa wa jicho, wanafuata nyuzi za mti kama zinakwenda moja kwa moja mpaka chini au zinakatiza ubavuni, maana zinapokatiza ndipo utakapovunjika. Mpini uliopakwa rangi nzito hawaugusi; wanasema rangi huficha vifundo. Wanaingiza kidole shingoni. Kisha, mbele ya wateja, wanaliegemeza chepe sakafuni na kulikanyaga kwa uzito wote. Muuzaji akiwauliza kama wananunua au wanachunguza, wanajibu kwamba bado hawajaona la kununua, na wanaelekeza kidole nyuma ya mifuko ya saruji.

Kwa hiyo tahadhari kwa mwenye kiwanja anayelipenda chepe hili: nenda dukani mwenyewe. Ukimpa pesa mchimbaji atarudi na zito, baya la rangi, chenji imebaki ya kununulia maji. Kabla ya adhuhuri atakuwa amefika kimo cha magoti, amekaa ukingoni mwa mtaro anasubiri malipo yake, nawe huna hata msumari wa kumtuma akatafute.