Halipasuki

Dalali aliyekubuhu utamjua mbele ya gita kuukuu. Yule wa Ilala alikuwa na jina zuri kwa kila kasoro. Rangi iliyobanduka ilikuwa “ukongwe, kaka”. Ufa chini ya tundu ulikuwa “njia ya sauti”. Funguo mbili za kukazia nyuzi hazikufanana na nne zilizobaki. Akasema hizo ni vipuri vya nje, ndiyo maana. Nilipogeuka niondoke, akatupa karata yake kubwa: “Galatoni hiyo. Bosco mwenyewe kapiga hizi.”

Hapo akanipata. Magita ya Gallotone yalitengenezwa Afrika Kusini, yakawa gita la mnyonge hadi Katanga. Na sahani za Jean-Bosco Mwenda, yule wa “Masanga” aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952, zilitoka kwa nembo hiyohiyo. Hata John Lennon alianzia kwenye Gallotone Champion, lenye karatasi ndani inayotoa dhamana kwamba halipasuki. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja. Hili nalo lilikuwa na karatasi, ila mende walishaisoma yote. Nikalipa.

Nyumbani, mama watoto aliposikia noti za kwanza aliniletea mafuta ya kupikia nipake bawaba za mlango.

Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, na gita la bei poa la zamani halina chuma cha kuikaza shingo kwa ndani. Miaka inapita, shingo inapinda, nyuzi zinapanda juu, na vidole vinalipa deni. Nikalipeleka Keko, kwa fundi wa vitanda. (Najua, kuna mafundi wa magita. Keko ni jirani.) Akalizungusha, akaligonga mgongoni, akauliza, “Mzee, hii inabeba uzito gani?” Kazi yake, haki ya Mungu, ilikuwa safi: akabana ufa kwa gundi na jiriwa, akaparura daraja mpaka nyuzi zikashuka. Kisha, kwa moyo wake mwema na bila kutumwa, akalipiga vanishi mikono kadhaa, ile ya makochi. Uso wa gita huimba kwa kutetemeka. Langu sasa linang’aa, na linaongea kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi.

Nikapata kisingizio cha kudumu. Wageni wote niliwaambia kosa ni la vanishi.

Jumapili akapita jirani, mzee aliyewahi kupiga muziki wa dansi. Akaomba penseli na mpira wa kufungia noti, akaifunga penseli shingoni kukwepa sehemu iliyopinda, akalipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Likaimba, pamoja na vanishi yake yote.

Shida ni kwamba mama watoto alikuwa hapohapo sebuleni, anasikiliza, na ananitazama mimi.