Niachieni Rangi Yangu

Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania milioni 61 na ushei. Kwa ninavyoona mimi, wote ni mafundi rangi. Nina Peugeot 504 nyekundu ya miaka ya sabini, niliyoachiwa na marehemu baba, na tangu niiegeshe nje ya nyumba hajapita mtu, awe muuza maji, awe mwalimu wa madrasa, bila kusimama na kunipa ushauri ule ule: "Mzee, hii ukiipiga rangi mpya itatoka bomba!"

Hakuna anayeuliza kama injini inawaka. (Inawaka.) Hakuna anayetaka kusikia kwamba 504 ilitoka mwaka 1968, ikatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969, na kwamba 1975 Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally, kwenye mashimo ambayo hivi vigari vyao vinavyogusa tuta kwa tumbo visingeyamaliza. Macho yote yanaishia kwenye boneti. Nakubali, boneti haipendezi. Nyekundu imepauka hadi kuwa waridi, na ukiigusa unaondoka na unga kidoleni. Lakini mgeni akija kwako akamkuta mzee amelala mchana, hakwambii umbadilishe.

Anayeongoza kwa kunihurumia ni shemeji. Gari lake ni jipya kwa maneno yake, la 2008 kwa maneno ya kadi. Ni jeupe la lulu, na klia ya paani inabambuka kama ngozi ya nyoka. Yeye ndiye anayeniuliza, "Shem, hivi wewe huoni aibu?"

Nimemweleza mara nyingi, naye hutumia muda huo kujibu meseji. Ngoja niwaeleze ninyi. Magari ya siku hizi hupigwa rangi, kisha juu yake linapigwa tabaka la klia lisilo na rangi, na huo mng'ao mnaousifu ni wa klia. Mtindo huo ulienea miaka ya themanini. Kabla ya hapo, gari la rangi ya kawaida kama langu lilipigwa rangi ya tabaka moja: yenyewe ndiyo rangi, yenyewe ndiyo mng'ao, yenyewe ndiyo kinga. Jua likiipiga miaka mingi, miale ya urujuanimno huvunja ile gundi iliyoshika chembe za rangi. Chembe za juu zinabaki zimelegea, ndio huo unga. Nyekundu huteseka kuliko nyingi. Ila ukiuondoa huo unga, chini yake rangi ipo, nyekundu ile ile aliyoitazama marehemu siku anachukua funguo.

Klia ikishabambuka, chini yake hakuna mng'ao wa kufufua. Polishi haiwezi kurudisha kitu ambacho kimeshaondoka na upepo. Kwa maneno mengine, kati yangu na shemeji, anayehitaji fundi rangi ni shemeji. Haya nayo nimemwambia. Alikuwa anajibu meseji.

Fundi nilimwita mmoja, wa gereji ambayo siitaji kwa sababu bado napita njia hiyo. Alikuja na grinda. Ni grinda ya kukatia nondo, ila siku hiyo ameivalisha manyoya. Nikamuuliza, "Kwenye kona utafanyaje?" Akasema kona ndizo anazozipenda. Nikahisi presha inapanda. Rangi ya kiwandani pamoja na praima yake inazunguka kwenye sehemu ya kumi ya milimita, na kwenye kona na mistari ya bodi ni nyembamba zaidi, kwa sababu rangi mbichi hukimbia ncha inapokauka. Mashine ya kuzunguka kasi ikikaa hapo sekunde chache inapata moto, inakula, unaiona praima inakuchungulia. Ndiyo maana wenye akili huziba kona kwa tepu ya karatasi kwanza. Hakuwa na tepu. Nilipombana akanituliza: "Bosi, usiogope, tukitoboa tunapiga rangi." Nikaelewa biashara yake. Kosa lake la asubuhi ni oda yake ya mchana.

Kabla hajaondoka aliniuliza nataka rangi gani. Sikumbuki kumwambia kwamba nataka rangi.

Vijana wa kuosha magari nao wana tiba yao, dizeli. Sikatai, dizeli inang'arisha. Unatoka pale unajiona, na ukifika Ubungo vumbi lote la Barabara ya Morogoro limeshahamia kwako na mizigo yake. Jirani wa kushoto anaamini dawa ya meno. Mama mkwe anaamini mafuta ya nazi, lakini yeye anayaamini kwa kila kitu, na kwa nywele namuunga mkono. Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea siri kubwa, akaninong'oneza kabisa: mafuta ya breki, "yanatoa uchafu wote". Yanatoa kweli. Yanatoa uchafu na rangi iliyoushikilia, mpaka bati.

Kazi yenyewe inayotakiwa ni ya upole mno, na nadhani hicho ndicho kinachowaudhi watazamaji. Unaosha kwa shampoo ya magari, si sabuni ya unga ya kufulia. Unapitisha ule udongo maalumu unaonyonya vijiwe na utomvu wa mwembe. Halafu, kabla ya kusaga chochote, unailisha rangi mafuta. Mmarekani mmoja, Mike Phillips, ambaye amefundisha wengi jambo hili, hutumia polishi namba 7 ya Meguiar's, jina lililoanza 1901 na polishi ya samani. Haina mchanga wa kusagia, ina mafuta tele. Unaimimina bila uchoyo kwenye taulo la pamba, unasugua kwa mkono kipande kwa kipande, kisha unaiacha rangi ilale nayo usiku kucha. Asubuhi unafuta na kuanza tena. Rangi iliyokauka inakunywa, na ile waridi inaanza kukumbuka kwamba ilikuwa nyekundu. Baada ya hapo ndipo unapitisha polishi laini ya kusaga kidogo sana, na mwisho nta ya carnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mitende huko Brazili.

Mama watoto amenitazama nikipaka mafuta boneti jioni nzima, akasema tangu anioe sijawahi kumpaka yeye mgongo kwa bidii hiyo. Nimesema "anioe" makusudi, kwa kuwa siku hizi kwa sababu ya hili gari sijui nani alimuoa nani.

Kesi kubwa lakini ni matambara. Rangi ya tabaka moja ikisuguliwa hutoka kwenye kitambaa. Ndivyo inavyojitambulisha, maana gari lenye klia nzima hukuachia uchafu tu. Langu linaacha wekundu. Taulo la kwanza lilipotoka jekundu, kijiwe kizima cha drafti kilisimamisha mchezo. Mzee wetu mmoja akaja hadi kwenye bampa, akashika kichwa: "Mwanangu, unaimaliza!" Taulo zilipoanikwa kambani, jirani wa kulia akatuma mtoto aulize kama tumechinja na kama kuna maini.

Nimewaambia hiyo ni rangi iliyokwisha kufa, ni ule unga wa juu. Wananitazama kama mtu anayesema pombe yake ni dawa. Na kinachonichoma ni kwamba mzee wa drafti ana nusu ya ukweli. Rangi hii haiongezeki. Kila ukisugua kwa polishi ya kusaga unapunguza kidogo, na atakayeifanya kuwa ibada ya kila Jumapili atafika kwenye praima bila msaada wa grinda. Unasugua mara moja kwa adabu, halafu unailinda kwa nta na kivuli. Tena nyekundu na njano za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo navaa glavu, na mtu akija na msasa mkavu hapa uani nyumbani, penye watoto, namfukuza kabla hajasalimia. Hilo sina utani nalo.

Kivuli chenyewe sasa. Kivuli pekee nilichonacho ni cha mwembe, na mwembe una wapangaji. Kunguru hawa weusi wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, eti wasaidie kula taka. Wakaja bara, wakaona panafaa. Kinyesi chao kina asidi, na kwenye boneti iliyopata jua la saa saba kinachora ramani isiyofutika kwa maji. Kuna miti kumi na kitu mtaani kwetu na magari mengine yamejipanga, likiwemo lile jeupe la shemeji ambalo halina cha kupoteza. Wanakuja kwangu. Wanasubiri nimalize nta.

Siku moja nilidhani nimepata hoja ya kuwamaliza washauri wangu wote. Agosti 2024, kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach kule California, gari lililotwaa ubingwa lilikuwa Bugatti Type 59 ya 1934, iliyowahi kuwa mali ya Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji. Halikuwa limefanywa upya. Lilitoka kwenye kundi la magari yaliyohifadhiwa kama yalivyo, uzee wake juu, na ilikuwa mara ya kwanza gari la kundi hilo kushinda pale. Nikamwonyesha shemeji picha kwenye simu. Akaivuta karibu, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa makini ambayo hajawahi kunipa mimi.

"Shem," akasema, "hili nalo wangelipiga rangi."

Basi nina ombi moja. Kama kwenu kuna gari la zamani limepauka, kabla hujamwita mtu mwenye bomba la rangi, chukua kitambaa cheupe chenye polishi laini, tafuta sehemu isiyoonekana kirahisi, sugua kidogo. Kitambaa kikichukua rangi ya gari na chini pakang'aa, hapo kazi ni ya bega lako, gereji iache. Kikitoka bila rangi na klia inabanduka, nenda gereji, na mpitie shemeji mwende naye. Kama umeshaamua kulipiga lulu, lipige, gari ni lako. Ila usisimame kwangu kunishauri.